Msituhesabie Vichwa vya Tembo

Uliza hapa Maruku, mkoani Kagera, au shuka mpaka Muleba mjini, ni nani anayeongoza kundi la tembo. Jibu litakuja bila kusita: dume kubwa, lile lenye pembe zinazokaribia kugusa ardhi. Uliza tena, tembo mmoja akiuawa tumepoteza nini. Utaambiwa tumepoteza tembo mmoja, na atazaliwa mwingine. Majibu haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na yote mawili si kweli. La kwanza linamfuta kiongozi halisi wa kundi. La pili linatupa ruhusa ya kuhesabu vichwa na kuiita hesabu hiyo uhifadhi.

Nianze na dume. Dume la tembo huiacha familia aliyozaliwa akiwa na miaka kumi na minne hivi. Tangu hapo huishi peke yake au na madume wenzake, na kwa majike hurudi zaidi kutafuta wa kupanda. Wanaobaki pamoja maisha yao yote ni bibi, dada zake, mabinti na wajukuu. Kiongozi wao ni jike, na mara nyingi ndiye mzee kuliko wote. Yeye huamua waelekee wapi, wasimame lini, nani wa kuogopwa na nani wa kupuuzwa. Wenzake hawamfuati kwa ubavu wake. Wanamfuata kwa sababu ameishi na ameona.

Simpambi kwa maneno. Amboseli, nchini Kenya, ambako Cynthia Moss alianza kuwafuatilia tembo mwaka 1972, watafiti wakiongozwa na Karen McComb walizisikilizisha familia za tembo sauti zilizorekodiwa. Mwaka 2001 walichapisha walichokiona: familia zenye kiongozi mzee zilitofautisha vizuri zaidi sauti ya jamaa na sauti ya mgeni, na ndizo zilizopata ndama wengi zaidi kwa kila jike. Mwaka 2011 walionyesha kwamba viongozi waliovuka miaka 60 walipima vizuri kuliko vijana hatari ya ngurumo ya simba dume. Mwaka 2014 wakaonyesha kwamba tembo hao hutofautisha sauti ya mwanamume wa Kimasai, ambaye huenda ana mkuki, na sauti ya Mkamba. Hata Mmasai mwanamume na Mmasai mwanamke hawawachanganyi. Tembo hazaliwi na elimu hiyo yote. Huipata kwa kutembea miaka mingi nyuma ya bibi.

Anayedhani hayo ni mambo ya kuvutia tu, na hayaokoi uhai wa yeyote, atazame Hifadhi ya Taifa ya Tarangire. Mwaka 1993 ukame mkali uliipiga hifadhi hiyo. Charles Foley na wenzake walifuatilia ndama 81. Katika miezi tisa walikufa 16, karibu asilimia 20, wakati katika miaka ya kawaida hufa kama asilimia 2. Vifo hivyo havikugawanyika sawasawa. Kati ya makundi matatu yaliyofuatiliwa, mawili yalitoka nje ya hifadhi kutafuta maji na malisho. Kundi la tatu lilibaki, na peke yake likapoteza ndama 10 kati ya wale 16. Ndilo kundi lililokuwa limeumizwa zaidi na majangili wa miaka ya 1970 na 1980, likabaki na majike vijana. Viongozi wa makundi yaliyoondoka walikuwa na umri wa kutosha kuukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, na watafiti wanaona huenda kumbukumbu hiyo ndiyo iliyowatoa. Kwa lugha ya wazi, risasi iliyomuua bibi zamani zile iliendelea kuua wajukuu mwaka 1993.

Hifadhi ya Mikumi imetupa somo jingine. Mwaka 2008 Kathleen Gobush, Samuel Wasser na wenzao, akiwemo Profesa Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walichapisha utafiti juu ya majike wa huko walioachwa bila viongozi wazee na bila jamaa wa karibu. Walikuta miili yao imejaa homoni za msongo, na uzazi wao uko chini kuliko wa wenzao wenye familia kamili. Wakati huo wimbi kubwa la ujangili lilikuwa limepita miaka mingi. Jeraha lilikuwa bado bichi.

Sasa tutazame hesabu zetu. Mwaka 2009 Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 109,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki kama 43,000. Mwaka 2019 serikali ikatangaza kwamba wamepanda hadi kuvuka 60,000. Nafurahi, na ninawaheshimu askari wa wanyamapori waliohatarisha maisha yao. Lakini napinga kwa nguvu zote anayesoma takwimu hizo na kusema tumerudi tulikokuwa. Jangili hufuata pembe kubwa, na kwa majike pembe kubwa ni za wazee. Isitoshe, kundi likishtuka, kiongozi ndiye anayesimama mbele kuwakinga wengine. Mimba ya tembo huchukua miezi 22, na jike huzaa kila baada ya miaka minne au mitano. Ndama jike aliyezaliwa mwaka 2014 atafikisha miaka 40 mwaka 2054. Fedha zote za dunia haziwezi kumharakisha. Kichwa kinalipwa na kichwa, lakini miaka 40 ya kujua hailipwi na kitu.

Watu wa Kagera hatukuhitaji watafiti watufundishe jambo hili. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani kwetu mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata nyumba nyingi za Bukoba na Muleba zilizika baba na mama, wakabaki bibi na wajukuu. Bibi ndiye aliyewaonyesha watoto wale mipaka ya kibanja, nani alikuwa anadaiwa, ndugu yupi wa kukimbilia na yupi wa kujihadhari naye, mgomba upi ni wa chakula na upi ni wa pombe. Mtu angekuja wakati ule akatuhesabu, akaandika kwamba watoto bado wanazaliwa na kwa hiyo Kagera iko salama, tungemfukuza. Hesabu tuliyoikataa kwa nyumba zetu tusiikubali kwa tembo.

Ng'ambo ya mto Kagera, nchini Rwanda, tembo wazee waliondolewa kwa makusudi. Mwaka 1975 tembo wa Bugesera walionekana kuwa kero kwa wakulima. Wakubwa waliuawa, na ndama 26 wakahamishiwa Hifadhi ya Akagera. Leo tembo wa hifadhi hiyo wamepita mia moja, kwa hiyo mhesabu vichwa ataona mafanikio. Lakini ndama wale walianza maisha bila bibi hata mmoja wa kuwaonyesha binadamu ni nani. Mmoja wao, dume Mutware, alijulikana mpaka kufa kwake mwaka 2018 kwa kuvamia magari.

Najua yupo atakayesema jike mzee amekwisha kuzaa, hana faida tena. Huyo akatazame Myanmar, kwa tembo wanaovuta magogo. Utafiti wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kwa ndama wa mama aliye chini ya miaka 20, hatari ya kufa ilikuwa ndogo mara nane iwapo bibi yake alikuwa karibu.

Yupo pia mkulima wa kijiji kinachopakana na hifadhi, ambaye usiku mmoja unammalizia migomba na mahindi. Huyo simbezi. Hasira yake ni ya haki, na kifuta jasho kinachochelewa ni tusi juu ya hasara. Lakini tafiti nyingi barani Afrika zinaonyesha kwamba wavamizi wakubwa wa mashamba ni madume. Kumpiga risasi jike kiongozi ili kumridhisha mkulima ni kumuacha mhalifu na kumuua mwalimu. Kundi lililobaki halitaacha kula. Litakuwa na hofu zaidi, na halitakuwa na wa kulielekeza.

Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyozaliwa mwaka 2019 kutokana na mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi, inaingia mpaka wilayani Muleba. Wasafiri wa mkoa huu tunayakumbuka mabasi yaliyosindikizwa na polisi kuvuka mapori yale kwa hofu ya majambazi. Penye bunduki nyingi kiasi kile, tembo hasalimiki. Kwa hiyo kuhusu familia za tembo wa Burigi tunapaswa kuuliza maswali makali kuliko jumla yao ni wangapi.

Ninadai mambo matatu. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), kila mnapotangaza idadi ya tembo, tangazeni na umri: majike waliovuka miaka 40 ni wangapi, na familia ngapi hazina hata mmoja. Askari anapotumwa kumwondoa tembo msumbufu, iwe marufuku kumpiga jike kiongozi isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini saa ileile. Na shoroba zilizobaki, yaani njia za tembo, zilindwe kabla hazijajaa nyumba, huku mkulima jirani akilipwa haki yake kwa wakati, kwa sababu bibi anayeijua njia ya maji hana msaada kwa wajukuu ikiwa njia imezibwa. Waziri atakayesimama bungeni kutusomea jumla tu ya tembo aambiwe arudi na hesabu kamili.