Kabla ya Kumwita Fundi, na Kabla ya Kunyamaza

Saa zikisharudishwa nyuma hapa Uingereza mwishoni mwa Oktoba, mazungumzo ya kundi letu la WhatsApp hubadilika. Michango ya harusi na bei ya kusafirisha mapipa kwenda Dar es Salaam na Mombasa husogea pembeni, likaingia boila. "Boila limegoma tangu jana." "Rejeta za juu baridi, za chini zinaunguza." "Jamani, nani ana namba ya fundi?" Majibu huja upesi: zima uwashe, ligonge ubavuni, kuna kijana mmoja, mpigie, hatakuumiza bei. Swali moja haliulizwi karibu kamwe: mwenye nyumba umemwandikia?

Msimamo wa jarida hili ni huu. Mengi yanayoitwa ubovu ni kazi ya dakika kumi ambayo haihitaji cheti. Machache yanahusu gesi, na hayo si yako wala si ya shemeji yako. Yaliyobaki ni ya mwenye nyumba kwa mujibu wa sheria, na ndiyo tunayoyalalia kimya hadi watoto wakaanza kukohoa.

Tuanze na lile la aibu kidogo. Wengi wetu tuna mita ya kulipia kabla, ndugu yake LUKU na tokeni za kule nyumbani. Salio likiisha usiku boila hunyamaza, na mtu huamka akiamini limekufa. Tazama mita kwanza. Tazama pia themostati ya ukutani, maana betri zake zikiisha boila halipati amri ya kuwaka. Fundi aliyeitwa Jumamosi usiku kuja kubadilisha betri mbili anatoza kama aliyebadilisha pampu.

Maboila mengi katika nyumba tunazopanga ni ya kombi, yanayopasha maji papo hapo bila tangi. Mbele au chini yake kuna geji ya presha. Mfumo ukiwa baridi, mshale ukae kati ya bar 1 na 1.5, ukipata moto utapanda kidogo, na hilo ni la kawaida. Ukishuka karibu na sifuri boila hujifunga lenyewe ili lisijiunguze, na kwenye kioo hutokea alama fulani. Vaillant, kwa mfano, huandika F22. Angalia chini ya boila: mara nyingi kuna mpira mfupi uliovishwa nyuzi za chuma, wenye koki kila upande. Zima boila, lipoe, fungua koki moja, kisha ya pili taratibu huku jicho likiwa kwenye geji. Ukifika bar 1.2 hivi, funga zote mbili, uhakikishe zimefunga. Anayesahau koki moja wazi huona presha ikipanda hadi bar 3, vali ya usalama ikafunguka, na maji yakamwagika nje ya ukuta. Baadhi ya maboila yana vishikio vya plastiki badala ya mpira huo. Kama huelewi unachokiona, kitabu cha boila kina mchoro, usibahatishe.

Kujaza mara moja au mbili kwa mwaka hakuna neno. Kujaza kila wiki maana yake maji yanatoka mahali, au chombo cha ndani kinachobeba upanukaji wa maji kimepoteza hewa yake. Hapo kazi yako imekwisha, imeanza ya mwenye nyumba.

Rejeta nazo zinasema zinachoumwa, ukizigusa. Ikiwa ya moto chini na baridi juu, imejaa hewa. Zima joto, subiri ipoe, chukua ule ufunguo mdogo wa shaba unaouzwa kwa bei ya soda, shika kitambaa, zungusha nusu mzunguko. Hewa itafyonya. Maji yakianza kutoka, funga, kisha rudi kutazama geji, kwa kuwa kutoa hewa hushusha presha. Ikiwa baridi chini na moto juu, kuna tope la kutu lililotuama, na dawa yake ni kusafishwa mfumo mzima, kazi ya fundi. Rejeta moja ikigoma ilhali nyingine zina joto, shuku kichwa cha vali chenye namba. Kiangazi chote kilikuwa kimefungwa, na kile kipini kilicho ndani kimenata. Kitoe kichwa, kisukume kipini chini taratibu kwa ubapa wa spana, kiache kipande chenyewe. Usikivute kwa koleo.

Kuna tatizo moja ambalo halitujii akilini kwa sababu tumekulia mahali ambapo maji hayagandi. Tangu 2005, karibu kila boila jipya la gesi linalofungwa England ni la aina inayovuna joto kutoka kwenye moshi wake, na katika kuvuna huko hutoa maji kidogo yenye asidi. Maji hayo hupita kwenye bomba jembamba la plastiki linalotokeza nje. Usiku wa baridi kali yakiganda humo, boila hugugumia kama mtu anayesukutua, kisha hujifunga. Wimbi la baridi lililovuma kutoka mashariki Februari na Machi 2018 liliwafungia watu maboila kwa namna hiyo kila kona ya nchi. Mimina maji ya uvuguvugu juu ya bomba hilo, hasa penye kona na mwishoni, mara mbili au tatu, kisha bonyeza kitufe cha kuanza upya. Maji ya uvuguvugu, tunarudia: yanayochemka hupasua plastiki. Na kama bomba liko juu ya ngazi, liache; mfupa wa nyonga una thamani kuliko joto la siku moja.

Koki kuu ya maji ya nyumba yako iko wapi? Ukikosa jibu, weka jarida chini ukaitafute. Mara nyingi imejificha chini ya sinki la jikoni nyuma ya sabuni na mifuko ya plastiki, wakati mwingine karibu na mlango wa mbele au kwenye kabati la bafuni. Ifunge kwa kuizungusha kulia, uifungue tena, na ukiifungua hadi mwisho irudishe robo mzunguko ili isikwame. Bomba likipasuka, atakayeijua koki atafuta maji sebuleni. Asiyeijua atampigia mwenye nyumba huku dari la jirani wa chini likianza kuvimba. Ukishaifunga, fungua mabomba yote ya baridi ili yaliyobaki yatoke, na kama maji yamekaribia taa au soketi, zima umeme ikiwa unaweza kuifikia swichi kuu bila kukanyaga maji.

Kuhusu masinki hatuna mengi, ila mafuta. Akina mama na akina baba wa maandazi, sambusa na samaki wa kukaanga: mafuta hayo hayamwagwi kwenye sinki, hata ukiyafuatishia maji ya moto. Huganda mbele ya safari. Mwaka 2017 chini ya mitaa ya Whitechapel, London, lilikutwa bonge la mafuta na vitambaa vya kufutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130, na kipande chake kikaishia makumbusho. Subiri yapoe, yatie kwenye kopo, tupa na taka. Sinki likishaziba, jaribu kisukumio cha mpira kwanza, kisha weka ndoo chini ufungue kile kiwiko cha plastiki. Mara nyingi ni wali.

Sasa gesi. Sheria ya Uingereza hairuhusu mtu afanye kazi ya vyombo vya gesi kwa malipo bila kuwa kwenye rejista ya Gas Safe, iliyochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009. Fundi wa kweli ana kadi yenye picha, namba na tarehe ya mwisho, na nyuma yake imeandikwa kazi anazoruhusiwa: mwenye ruhusa ya majiko huenda hana ya maboila. Mwombe akuonyeshe. Hatakasirika, amezoea. Ukinusa gesi usiwashe wala usizime swichi yoyote. Fungua madirisha, toka nje, piga 0800 111 999. Simu hiyo ni ya bure, saa zote.

Kuna sumu isiyonuka hata kidogo, kaboni monoksaidi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu ambavyo hupungua mtu akitoka nje na kurudi akirejea ndani. Mwali wa jiko ulio wa manjano badala ya bluu ni onyo. Na hapa tuseme wazi, kwa sababu tunayajua ya majumbani mwetu: jiko la mkaa haliingizwi ndani ya nyumba hizi. Kule kwetu tuliotea moto wa mkaa jikoni penye matundu ya hewa na milango isiyofunga. Hapa madirisha ni ya vioo viwili na kila ufa umezibwa. Desemba 2006, dhoruba ilipokata umeme katika jimbo la Washington, Marekani, watu walikufa kwa moshi wa mkaa na jenereta walizowasha ndani kutafuta joto, na wengi wa walioathirika walikuwa wahamiaji. Tangu 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba England anapaswa kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kuishi chenye boila au hita ya kuchoma mafuta, gesi au kuni. Kama chako hakipo, kidai leo.

Kudai ndiko kunakotushinda. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mabomba, vyoo, vyombo vya kupasha joto na vya maji ya moto, na mkataba hauwezi kumwondolea wajibu huo. Kila mwaka anapaswa kukagua gesi na kukupa nakala ya cheti. Hata hivyo tunamwona mama wa watu ameogesha watoto kwa maji ya birika wiki nzima kwa kuhofia kuitwa mkorofi, au kupandishiwa kodi, au kufukuzwa. Hofu hiyo si ya kubezwa. Wapo waliofukuzwa kweli. Ndiyo maana ni habari njema kwamba sheria ya haki za wapangaji ya 2025 inafuta England ule utaratibu wa kumtoa mpangaji bila kutaja sababu.

Awaab Ishak, mtoto wa wazazi waliotoka Sudan, alifariki Rochdale Desemba 2020 akiwa na miaka 2. Uchunguzi wa 2022 ulithibitisha kwamba kuvu ya kwenye kuta ndiyo iliyomharibu mapafu. Baba yake alikuwa ameripoti tangu 2017. Aliambiwa apake rangi juu yake. Waliokuwa wakisimamia nyumba hiyo walikiri baadaye kwamba walidhania tatizo linatokana na maisha ya familia, kuoga kwa maji ya ndoo na mengineyo. Wasomaji wetu wanaijua dhana hiyo. Wengi wameisikia mlangoni. Kwa sheria inayobeba jina la mtoto huyo, tangu 27 Oktoba 2025 halmashauri na mashirika ya nyumba England yanatakiwa kushughulikia hatari za dharura ndani ya saa 24, na kuchunguza unyevu na kuvu nzito ndani ya siku 10 za kazi. Ni kweli nguo mbichi juu ya rejeta na madirisha yaliyofungwa miezi mitano huongeza unyevu, na tunawaomba muache. Lakini ukuta unaovuja hauponi kwa kufungua dirisha.

Basi andika. Simu ya mdomo haina ushahidi. Tuma barua pepe au ujumbe wenye tarehe, kilichoharibika, tangu lini, picha ya geji na alama iliyo kwenye kioo, na nani anaishi humo: mtoto mchanga, mzee, mgonjwa wa pumu. Asipojibu, nakala hiyo hiyo ipeleke halmashauri, idara ya afya ya mazingira. Kiingereza kikikupa tabu, njoo kwenye kikao cha jumuiya; kamati ina vijana watakaokuandikia.

Upande wetu pia tunabadilika. Kuanzia toleo hili hatutachapa tangazo la fundi wa boila au jiko asiyetaja namba yake ya Gas Safe, nasi tutaihakiki kwenye rejista kabla ya kuchapa. Tangazo moja tumekwisha kulirudisha. Tunajua mwenyewe ni mwenzetu na ana familia. Akipata kadi, tangazo lake la mwaka wa kwanza litatoka bure.