Damu ile ile, majibu mawili
Na Hadija Namukose

Kichanga wa kilo 2 mwenye maambukizi ya damu, akiwa katika juma lake la kwanza, hupewa miligramu 6 za gentamaisini kwa siku, pamoja na ampisilini. Ndivyo unavyoelekeza mwongozo wa mfukoni wa Shirika la Afya Duniani. Sasa chukua ampuli ya watu wazima, yenye miligramu 80 katika mililita 2. Muuguzi anatakiwa avute mililita 0.15 tu. Mkono ukiteleza kidogo, dozi imeshabadilika.

Dawa hii ikirundikana mwilini huumiza figo na masikio, na masikio yakishaharibika hayarudi. Ikipungua, vijidudu vinasalia. Mbale, mashariki mwa Uganda, wanaijua hasara hiyo: katika hospitali ya watoto ya CURE hufanyiwa upasuaji watoto waliojaa maji kichwani, na wengi wao balaa lilianza na maambukizi ya utotoni.

Kwa hiyo naunga mkono kwa moyo wote vipimo vya kiwango cha dawa kwenye damu vifike Jinja na Mbale. Ila mashine ya kupimia pekee haitoshi. Miongozo ya Uingereza inataka kiwango cha gentamaisini kabla ya dozi inayofuata kiwe chini ya miligramu 2 kwa lita, na chini ya 1 matibabu yakizidi dozi 3. Tuseme, kabla ya dozi ya pili, maabara moja imesoma 1.7 na nyingine, kwa damu ile ile, ikasoma 2.2. Daktari wa kwanza ataendelea na dozi, wa pili ataichelewesha. Mtoto ni yule yule!

Tofauti hiyo si lazima itokane na uzembe. Gentamaisini ni mchanganyiko wa dawa kadhaa zinazofanana, na vitendanishi vya kampuni mbalimbali havizinasi zote kwa nguvu sawa. Kila mashine nayo hupimwa usahihi kwa kipimo cha mtengenezaji wake. Kutoa damu nyingine ili kurudia kipimo si jambo dogo: mtoto njiti wa kilo 1 ana damu ya kama mililita 100 tu mwili mzima.

Kinachowezekana ni maabara zote kupelekewa, mara kwa mara, sampuli iliyotoka chupa moja, majibu yalinganishwe, na inayopotoka irekebishwe kabla haijamgusa mtoto. Na kichanga akihamishwa kutoka kituo cha afya cha Mpumudde kwenda hospitali ya rufaa ya Jinja, karatasi yake ionyeshe uzito, saa ya sindano, saa ya kutoa damu na mashine iliyotumika. Namba isiyo na saa haimsaidii daktari hata kidogo.

Wizara ya Afya inapopanga bajeti ya mashine hizo, itenge ndani yake fedha za ulinganisho huo tangu mwaka wa kwanza. Wabunge wa Busoga na Bugisu, liulizieni hili kabla bajeti haijapita.