Mazingira si Anasa ya Walioshiba

Imeenea miongoni mwa watu wazima wa Raila, kijiji kimojawapo cha Kibera jijini Nairobi, na kwa majirani zetu wa Kawangware, itikadi kwamba chama cha watoto cha kutunza mazingira ni pumbao la wana wa matajiri wa Karen na Lavington, na kwamba mtoto aliyelala na njaa apewe kwanza uji, karo na viatu, miti isubiri zamu yake. Itikadi hii imevaa joho la huruma, na kwa hiyo ni taabu kuipinga. Hata hivyo ni batili.

Maadamu mtaro wa maji machafu hupita kizingitini pa mtoto huyo, ni nani anayehitaji mazingira safi kuliko yeye? Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 hayakumwuliza mtu kama ameshiba. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953, ambamo zamani watu walivua samaki na kushindana kwa mashua za tanga, leo limesheheni tope, taka na magugu maji, na wengi wa wanaokaa kando yake ni maskini.

Wangari Maathai, alipoanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, hakuanza na matajiri, bali na wanawake wa mashambani waliolalamika kwamba kuni zimekuwa haba, chemchemi zimekauka na chakula kimepungua. Harakati iliyompatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004 ilizaliwa na uhitaji. Na hapa Kibera, baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, ni watu wenye njaa waliopanda sukumawiki katika magunia milangoni mwao.

Lipo tawi la itikadi hiyo linaloniudhi zaidi: kwamba chama kikiundwa, wachaguliwe wanafunzi hodari wenye uwezo wa kununua sare, kwani asiyeona au mwenye kiti cha magurudumu atawachelewesha wenzake. Hii ni dhuluma. Ibara ya 42 ya Katiba ya 2010 imempa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, wala haikumtoa aliyeacha shule kwa kukosa karo, wala msichana abebaye mdogo wake mgongoni, ambaye aghalabu ndiye achotaye maji na kujua bomba lipi limepasuka. Fauka ya hayo, katika kijiji ambacho wazee waliwahi kukimbizana kwa ajili ya kabila, watoto wa Kinubi, Kijaluo, Kiluhya na Kikamba wakimwagilia kitalu kimoja, wanajifunza ujirani ambao sisi tulishindwa kuwafundisha.

Basi chama na kianze bila sare na bila ada, kwa magunia makuukuu, udongo, mbegu za sukumawiki na watu wazima wawili waaminifu, na mboga za kwanza zipikiwe hao hao waliozipanda. Na kabla ya mkutano wa kwanza, wazee wa kijiji watafute uwanja ambao kiti cha magurudumu kitaufikia.