Ukienda Dar kufuata mzigo, panda na boti

MWEZI uliopita nilikuwa Dar es Salaam kufuatilia kontena la vipuri. Ilikuwa Ijumaa. Wakala wangu akaniambia karatasi hazijakamilika, nirudi Jumatatu. Zamani ningejifungia gesti nikihesabu hasara. Safari hii nilikwenda kupanda boti, na naomba niwashawishi wafanyabiashara wenzangu wafanye hivyo.

Ndugu msomaji, nilikulia katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Hatukuruhusiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 bila kibali. Bahari tuliisikia redioni tu. Niliporejea Burundi nikaanza biashara, na Dar es Salaam nimefika mara nyingi. Lakini niliendelea kuishi kikambi: stendi ya mabasi, Kariakoo, ofisi ya wakala, stendi tena. Kibali sikuhitaji, ila zile kilomita 4 nilijiwekea mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilipanda kivuko cha Kigamboni pale Magogoni. Nauli yake haimshindi hata mchuuzi wa karanga. Ukiwa majini unaona minara ya makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu, na soko la samaki la Feri likiwa limejaa watu. Mlango wa bandari ni mwembamba, hivyo kivuko kilisubiri meli ya makontena ipite mbele yetu. Nilibaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo nimelipia safari za meli ambazo sikuwahi kuziangalia!

Mchana nilikwenda Msasani, nikapanda boti ya kwenda kisiwa cha Bongoyo, mwendo wa nusu saa hivi. Nilivaa jaketi okozi, nanyi msikubali kuondoka bila hilo. Kisiwani nikala samaki wa kukaanga, nikalala kivulini bila kushika simu.

Najua wapo watakaosema mwenye mzigo bandarini hana haki ya kustarehe. Nawauliza: nikikunja uso gesti, kontena litatoka mapema? Wengine watasema bahari ni ya wenyewe, sisi ni watu wa milimani. Hao wasome historia. Mwaka 1921 Waingereza waliwakodisha Wabelgiji maeneo katika bandari za Dar es Salaam na Kigoma, kwa faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na ya Ruanda-Urundi ipite. Bandari ile imewalisha babu zetu kabla sisi hatujazaliwa. Na tangu mwaka 2007 Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaogopa nini?

Tatizo letu sisi tuliorejea ni kwamba tulizoea kuvuka mpaka kwa shida tu: kukimbia, kisha kutafuta riziki. Watoto wetu wanatuona tukirudi na mabegi na hasira, wanadhani ng'ambo ya mpaka hakuna kingine.

Kontena langu lilitoka Jumatano, si Jumatatu. Sikugombana na mtu. Likizo ijayo namchukua binti yangu wa darasa la sita tukapande kile kivuko. Baba yangu alifia kambini bila kuiona bahari. Mjukuu wake ataiona, tena bila kuomba kibali cha mtu.