Filimbi Iliyopandishwa Juu ya Kabati

"Mama, mwalimu amesema hii siyo," msichana wa Gredi ya Nne alisema, akitupa begi kwenye kiti.

Shule ilikuwa imeagiza rekoda, ile ya plastiki. Mama, aliyepitia madukani akitoka kazini, alikuwa amenunua filimbi ya bati kwa sababu bei ilikuwa nafuu na mwuzaji alimhakikishia ni kitu kimoja.

"Si filimbi ni filimbi?" akauliza.

Sivyo. Rekoda ina mashimo saba mbele na moja nyuma la kidole gumba. Filimbi ya bati ina sita tu, yote mbele. Mzazi akiwa dukani aigeuze tu, atazame mgongo wake.

Kwa siku mbili mtoto aliipuliza kwa hasira, ikalia kama breki za matatu. Siku ya tatu baba, aliyekuwa akisubiri taarifa ya habari ya saa moja, akaipandisha juu ya kabati. Filimbi nyingi huishia hapo, na mtoto huondoka akiamini kwamba yeye si mtu wa muziki. Hasara hiyo huzidi pesa za filimbi.

Jumapili mjomba akaja kutembea. Aliishusha, akaifuta vumbi, akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Unataka kupiga wimbo gani?"

Msichana akataja ule uliokuwa ukichezwa kila asubuhi kwenye matatu ya kwenda shule.

"Haya, uimbe kwanza. Kiitikio tu."

Vidole haviwezi kutafuta wimbo ambao kichwa hakijaushika. Aliimba mara tatu, mjomba akimsimamisha: hapa sauti inapanda au inashuka? Inapanda kidogo au inaruka?

Halafu wakageukia makelele. Filimbi hupiga kelele kwa sababu mbili, na hakuna inayohusu kipaji. Ya kwanza ni shimo linalovuja, kwa kuwa mtoto hufunika kwa ncha ya kidole badala ya ile nyama laini iliyo chini ya ncha. Ya pili ni pumzi. Ukipuliza kwa nguvu, vidole vikiwa palepale, sauti huruka hadi ngazi ya juu. Ndivyo filimbi hii inavyofanya kazi, lakini anayeanza hahitaji huko juu. Apulize kama anayepooza uji kwenye kijiko. Mjomba alimwanzisha na kidole kimoja, kwenye shimo lililo karibu na mdomo, kisha viwili, kisha vitatu.

Si kila wimbo utakubali. Filimbi ya bati ina sauti za ngazi moja, kwa kawaida ya D, na wimbo ukidai sauti iliyo katikati ya mbili, mtoto hukwama. Asiuache, aanze upya kutoka sauti nyingine, juu au chini, na mara nyingi njia hupatikana.

Vijana wa mitaa ya Johannesburg walijifunza hivyo miaka ya 1950, bila karatasi wala darasa, wakiiga nyimbo zilizovuma kwa sikio tu. Muziki wao ukaitwa kwela. Mwaka wa 1958 mmoja wa nyimbo hizo za filimbi, Tom Hark wa Elias and His Zig Zag Jive Flutes, ulipanda hadi nafasi ya pili nchini Uingereza. Na filimbi zenyewe zilikuwa za bei rahisi, za kuchezewa barabarani.

Wiki iliyofuata mama akanunua rekoda, roho ikimuuma. Mtoto akaishika, akaziba tundu la nyuma kwa gumba, akaweka kidole kimoja, viwili, vitatu. Zikatoka sauti zilezile alizozizoea: B, A na G, ambazo ndizo wanaoanza rekoda hufundishwa kwanza. Tofauti huanza kwenye vidole vya chini. Kumbe ile ya bati haikuwa pesa iliyotupwa.

Baba bado anataka habari zake. Kwa hiyo mazoezi ni saa kumi na mbili jioni, dakika kumi, mlango ukiwa umefungwa. Kiitikio kimekamilika isipokuwa pale kinaporuka juu. Akifika hapo hunyamaza, na mama, akikata sukuma wiki jikoni, humwimbia kipande hicho ili ajaribu tena.