Tubakize Minazi Tu?

Makala iliyochapishwa majuzi inadai kwamba filamu ya kusherehekea utamaduni wa Afrika ni ile isiyoanika aibu zetu: pasiwe na umaskini, ukeketaji wala ugomvi wa wazee na vijana. Mfano wake wa juu ni Black Panther.

Hapo ndipo hoja inapochechemea. Filamu hiyo ya 2018 ilirekodiwa kwa sehemu kubwa Atlanta, Marekani, na nchi inayosifiwa humo haimo katika ramani yoyote. Kuitazama ni raha, sikatai. Lakini kuiteua iwe kielelezo cha mila zetu ni kumposa binti ambaye hajazaliwa.

Anachokikimbia mwandishi wa makala hiyo ni kitu kama Moolaadé (2004) ya Msenegali Ousmane Sembène. Ndiyo, inahusu ukeketaji. Angevumilia kidogo angemwona mhusika mkuu, Collé, akiwakinga wasichana wanne kwa kamba tu iliyofungwa mlangoni, na hata wanaomchukia hawathubutu kuivuka. Silaha yake ni mila yenyewe! Wanaume wanaishia kuchoma redio za wake zao. Aibu ni ya nani hapo?

Tena anasema eti filamu za zamani zinachosha. Yeelen ya Souleymane Cissé wa Mali, baba na mwana wakiwindana kwa uchawi, ilipata Tuzo ya Majaji Cannes mwaka 1987. Aliyechoka alikuwa kwenye simu.

Filamu za Kiswahili hakuzigusa kabisa. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji (2021), iliyotoka katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, ina Zanzibar ya wakoloni, ndoa ya kulazimishwa na jela. Nayo tuikatekate, tubakize minazi?