Printa Inapogoma

Wengi mmetuuliza kwa nini printa hugoma, na hasa usiku ule ambao fomu ya Migrationsverket yatakiwa asubuhi.

Mara nyingi ila imo katika foleni. Kompyuta huzipanga kurasa zingoje zamu. Mmoja ukikwama, zilizo nyuma yake hukwama pia. Tufute foleni yote, tuzime printa na kompyuta, kisha tuziwashe upya.

Tatizo likirudi kila siku, si vibaya kushuku virusi. Mwaka 2021 programu hiyo hiyo ya foleni katika Windows iligunduliwa kuwa na mwanya, ukaitwa PrintNightmare, uliowawezesha wadukuzi kuitawala kompyuta ya mtu. Microsoft ilitoa marekebisho. Asiyeyapokea hubaki mlango wazi. Kwa ukaguzi, tufungue Microsoft Defender, iliyomo ndani ya Windows bila malipo, tuchague ukaguzi kamili, na tusubiri kwa subira.

Hata hivyo, hatari kubwa ni nambari ya simu ya “fundi” iliyookotwa kwenye intaneti. Akitaka kuingia katika kompyuta yako, au akikuhimiza uthibitishe kwa BankID, kata simu. BankID ni ufunguo wa nyumba. Hapewi mpita njia.

Aliyekwisha kudanganywa asione haya. Aiarifu benki yake papo hapo, kisha polisi, 114 14. Mficha maradhi kifo humuumbua.